Chokoleti: antioksidanti na lebo

Antioksidanti zinazosifiwa katika chokoleti ni hasa flavanoli, kemikali za mmea zinazoipa punje ya kokoa (pia: kakao) ukakasi wake. Maabarani huzima molekuli zinazochakaza seli. Mwilini habari ni ngumu zaidi.

Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi chini ya Mlima Meru, ni nchi ya kahawa na migomba, si ya kokoa. Kokoa hutaka joto. Ya Tanzania hutoka zaidi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, na kiasi Morogoro. Punje huvundikwa siku kadhaa, mara nyingi chini ya majani ya mgomba, kisha huanikwa. Hapo ladha huanza kuja na flavanoli huanza kupungua. Kukaanga huzipunguza tena. Pigo kubwa ni kutia alkali kiwandani, mbinu ya Mholanzi Coenraad van Houten wa karne ya 19: unga hukolea weusi, uchungu hulainika, na flavanoli nyingi hupotea. Basi weusi wa chokoleti hauthibitishi chochote.

Nchini, lebo za vyakula zimo mikononi mwa Shirika la Viwango (TBS), lililopokea kazi hiyo kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) mwaka 2019. Viambato hutajwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukigeuza kopo la chokoleti ya kunywa katika duka la Arusha, mara nyingi utakuta sukari imetangulia, kokoa ikifuata. E501 ikiwa jirani ya kokoa, ni dalili ya alkali. “Kokoa 70%” nayo hujumlisha mafuta ya kokoa, ambayo karibu hayana flavanoli. Ndiyo maana chokoleti nyeupe, ambayo katika kokoa huchukua mafuta hayo tu, haina la kujivunia.

Mwaka 2012 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli za kokoa kwa siku husaidia mishipa ya damu kunyumbuka. Utafiti wa COSMOS wa Marekani, uliochapishwa 2022, uliwapa wazee miligramu 500 kwa siku: vifo vya moyo na mishipa vilipungua, lakini jumla ya matukio ya maradhi hayo haikushuka kwa kiasi cha kuaminika. Nao walimeza vidonge, hawakula chokoleti.

Hata chai ya rangi ya mgahawani, isiyo na lebo yoyote, ina katekini, za ukoo huohuo wa flavanoli.