Bwana ao bibi ana ugonjwa wa mapafu na bado anavuta sigara: namna ya kumusaidia

Katika nyumba nyingi za majimbo yetu ya mashariki kuko mutu mukubwa anayekohoa kila asubui, anayesimama mara mbili kupumzika mbele ya kumaliza kupanda mulima wa mtaa, na ambaye angali anawasha sigara kisha kula. Bibi yake anasema, anakasirika, anaficha paketi. Watoto wananyamaza. Wakati mwingine bibi njo anavuta, na bwana njo anahangaika. Habari hii ni kwa ule anayeishi pembeni ya mugonjwa: ugonjwa huo ni nini, kwa nini kuacha ni nguvu, na wewe unaweza kufanya nini.

Ugonjwa wenyewe

Wanganga wa kwetu wanauita BPCO. Ni ugonjwa wa mapafu unaokuja polepole, kwa miaka, na hauponi kabisa, lakini unatunzwa. Njia za hewa ndani ya mapafu zinavimba, zinajaa makohozi na kuwa nyembamba. Vifuko vidogo ambamo hewa inapita kuingia katika damu vinaharibika. Mugonjwa anaweza kuvuta hewa, lakini kuitoa njo inakuwa kazi. Hewa ya zamani inabakia ndani, ile mpya inakosa nafasi. Njo maana anasikia sawa vile kifua kimefungwa.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kwamba mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu karibu milioni 3,5, na ulikuwa wa nne kati ya magonjwa yanayoua zaidi duniani. Kati ya wale wanaokufa nao mbele ya miaka 70, karibu 9 kwa 10 ni wa inchi zenye mapato madogo ao ya katikati, kama yetu.

Katika inchi tajiri, tumbaku njo inaleta zaidi ya 70 kwa mia ya wagonjwa. Kwetu tumbaku inahesabiwa kwa 30 mpaka 40 kwa mia. Moshi wa kuni na makala nyumbani ni sababu ingine kubwa, pamoja na vumbi na moshi wa kazini. Kwa hiyo mugonjwa wa Bukavu, Goma ao Butembo mara nyingi anapambana na moshi mbili: ule wa sigara na ule wa jikoni.

Isichanganywe na kifua kikuu. Mutu anayekohoa zaidi ya wiki mbili, hata kama anavuta sigara miaka 20, anapashwa kupimwa makohozi. Katika inchi yetu dawa za kifua kikuu zinatolewa bure katika vituo vya programu ya taifa. Mutu anaweza pia kuwa na magonjwa yote mbili, ao kupona kifua kikuu na kubakia na mapafu yenye vidonda. Na mbele ya kusema ni karuho, ni sumu ya jirani, na kumaliza franka kwa waganga wa kienyeji, mupeleke kwanza kwa munganga. Kukohoa na kukonda kuna sababu nyingi zinazopimwa.

Kwa nini haachi

Watu wengi wanasema ni kichwa nguvu. Kwa kweli nikotini iliyo ndani ya tumbaku inafika katika ubongo kwa sekunde chache, na ubongo unaizoea. Usiku mutu analala masaa mengi pasipo nikotini. Asubui anaamka akitetemeka roho, akikasirika. Anavuta moja, anatulia. Hapo anasema: "Sigara njo inanifungua kifua." Kilichotulia ni kiu ya nikotini. Kifua chenyewe kimepokea moshi mwingine.

Kisha kuko woga. Kukosa hewa kunaogopesha sana, na mutu mwenye woga anatafuta kitu alichozoea kumutuliza. Anavuta, njia za hewa zinazidi kuwa nyembamba, anaogopa tena. Kuko na haya: anajua watu wanasema alijiletea ugonjwa, basi anajificha nyuma ya nyumba na hamuambii munganga ukweli. Na kuko kukata tamaa: "Mapafu imekwisha kuharibika, niache nini tena?"

Neno hilo la mwisho lina jibu. Utafiti ulioitwa Lung Health Study, uliofanywa Marekani na Kanada, ulifuata wavutaji 5.887 ambao mapafu yao yalikuwa yameanza kuharibika. Kisha miaka 11, wanaume walioendelea kuvuta walikuwa wakipoteza zaidi ya mililita 60 za nguvu ya kupumua kila mwaka. Walioacha walipoteza karibu 30, kama nusu. Kilichoharibika hakikurudi, lakini kuharibika kulipunguza mwendo. Kwa mugonjwa, hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kutembea mwenyewe mpaka kanisani ao sokoni na kukaa kitandani.

Akiamua kuacha

Siku 2 ao 3 za kwanza njo za nguvu zaidi. Hasira, kukosa usingizi, njaa, kichwa kuuma: mambo hayo yanapungua kwa wiki 2 mpaka 4. Hamu yenyewe inakuja sawa mawimbi, na kila wimbi linapita kwa dakika chache. Maji ya kunywa, karanga za kutafuna, kutoka nje kidogo, kuongea na mutu: vyote ni vya kupitisha hizo dakika.

Wengi wanakohoa zaidi siku za kwanza, na wanasema kuacha njo kumewaharibia. Mapafu yanaanza tena kusafisha makohozi yaliyokuwa yamelala. Umuambie mapema, asije akarudilia sigara juu ya hiyo.

Muchague siku pamoja. Siku hiyo muondoe nyumbani sigara zote, kiberiti chake na kisahani cha majivu. Kama anazoea kuvuta na pombe, wiki za kwanza aepuke nganda. Kama wewe pia unavuta, muache wote wawili: ni vigumu mutu kuacha wakati mwenzake anavuta mbele yake. Muulize munganga juu ya dawa za kusaidia. Shingamu na plasta za nikotini ziko katika orodha ya OMS ya dawa za lazima tangu 2009. Katika miji yetu si rahisi kuzipata, lakini hata mazungumuzo mafupi na muuguzi yanasaidia.

Akirudilia kuvuta kisha wiki moja, usiseme "nilijua". Wengi walioacha kabisa walijaribu mara nyingi mbele ya kufaulu. Umuulize ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, alisikia nini, ili safari ijayo mujitayarishe pale.

Maneno ya nyumbani

Kusema kila siku "utakufa utuache" hakuachishi mutu. Anajua. Kunyanganya paketi kunamufundisha kuficha tu. Kumuhaibisha mbele ya watoto ao bashemeji kunafunga mulango wa mazungumuzo.

Chagua saa ambayo anapumua vizuri, muko wawili. Sema unachoona na unachosikia ndani yako: "Papa Furaha, jana ulikosa hewa ukivaa viatu. Niliogopa. Mimi nataka tukae pamoja siku nyingi. Kuko kitu gani kingekusaidia kuacha?" Kisha unyamaze, usikilize. Akisema "si leo", muache, lakini umuombe jambo moja dogo: kuvuta inje tu, ao kuchelewesha sigara ya kwanza ya asubui kwa saa moja. Kupunguza hakutoshi, lakini kunamuonyesha kwamba anaweza.

Franka pia inafaa kuongelewa bila ugomvi. Sigara 10 kwa siku ni 300 kwa mwezi, na zaidi ya 3.600 kwa mwaka. Mupige hesabu pamoja kwa bei ya butike ya kwenu, kisha muweke pembeni yake bei ya dawa zake na makaratasi ya watoto.

Na wewe, umununulie sigara? Si lazima. Unaweza kumuambia mara moja kwa utulivu kwamba hautanunua na hautatuma mutoto kununua, lakini dawa, chakula na upendo wako havitategemea kama amevuta ao hapana. Kuacha ni kazi yake. Wewe unamurahisishia njia.

Moshi utoke ndani

Hata kama hajaacha, sheria ya nyumba inaweza kuanza leo: hakuna anayevuta ndani, hata mugeni. Kufungua dirisha hakutoshi, sababu moshi unabakia katika hewa, nguo na matandiko. Wewe na watoto munauvuta vilevile. Kwa wanaoishi katika chumba kimoja ao katika hema kisha kukimbia vita, kutoka nje kuvuta kuna maana zaidi.

Mugonjwa asikae pembeni ya moto. Mbabula iwashwe inje mpaka moshi uishe. Tumia kuni zenye kukauka, funika sufuria, loweka maharagi usiku ili yaive mbio. Usilale hata siku moja na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa, juu ya baridi: gazi yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Dawa, hata kama anavuta

Wagonjwa wengine wanaacha dawa kwa haya: "Nitakunywa dawa namna gani na ninavuta?" Hapana. Dawa zinamusaidia hata hivyo, na munganga anapashwa kujua ukweli juu ya sigara.

Pompi ya kifua inafaa kutumiwa vizuri. Aitikise, atoe hewa yote, aweke mudomo, abonyeze akivuta hewa polepole, kisha ashike pumuzi sekunde 10 kama anaweza. Mugonjwa asiyeweza kupatanisha mukono na pumuzi asaidiwe na chupa ya plastiki ya nusu litre: wanganga wa Afrika ya Kusini walionyesha kwamba, ikitobolewa vizuri chini ili pompi ikae imara, inaweza kufanya kazi ya chombo kinachouzwa. Umuombe muuguzi awaonyeshe.

Kama anatumia aminofilini ao teofilini, umuambie munganga mbele ya kuacha sigara. Moshi wa sigara unafanya mwili uimalize mbio dawa hizo. Mutu akiacha, dawa inaweza kuzidi katika damu. Kutapika na moyo kupiga mbio ni alama za kurudi haraka kituoni. Deksametazoni ao predinizoloni za kununua tu farmasi, siku kwa siku, ni hatari: zinapandisha sukari, zinalegeza mifupa, zinashusha nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa.

Penye oksijeni, hopitalini ao nyumbani, hakuna sigara, kiberiti, mushumaa wala mbabula. Oksijeni inafanya moto uwake kwa nguvu, na watu wameungua uso hivyo. Hapo usikubali hata mara moja.

Akikosa hewa, umukalishe, ainame kidogo mbele, mikono juu ya magoti ao meza. Avute hewa kwa pua akihesabu 2, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa kidogo, sawa anazima mushumaa, akihesabu 4. Kaa naye, pumua pamoja naye. Siku za kawaida atembee kidogo kila siku: kukaa tu kunalegeza misuli na kuzidisha kukosa hewa. Ale kidogo kidogo mara nyingi, sababu tumbo lililojaa linasukuma mapafu.

Alama za kukimbia hopitali

Usingoje asubui ukiona moja ya hizi:

- hawezi kumaliza sentensi moja pasipo kupumua;
- midomo ao kucha zinakuwa za bluu ao za majivu;
- anachanganyikiwa, ao analala usingizi usio wa kawaida;
- pompi haimusaidii tena;
- anatema damu, ao ana maumivu makali ya kifua.

Makohozi yakiongezeka na kugeuka rangi ya majani, akipata homa, ao miguu ikivimba, mufike kwa munganga siku hiyohiyo. Weka tayari karatasi yenye majina ya dawa zake na namba ya mutu wa moto ao wa gari anayekubali kutoka usiku.

Na wewe unayemutunza

Anayelala pembeni ya mutu anayekohoa halali vizuri. Unabeba kazi, watoto, franka, na hasira ambayo haufurahie kuisema: anajiua mwenyewe, na mimi njo ninamutunza. Hasira hiyo si zambi, na haimaanishi haumupendi. Tafuta mutu mumoja wa kuongea naye, dada, rafiki, mukubwa wa kanisa ao wa muskiti, na mutu mwingine wa familia akupokee hata siku moja kwa wiki. Kama wewe pia unakohoa, upimwe.

Wengine wataacha. Wengine watapunguza. Wengine watavuta mpaka mwisho, hata penye bibi ao bwana alifanya yote. Ikifika hivyo, usiseme wewe njo ulishindwa. Hewa safi uliyoweka nyumbani, dawa zilizonywewa kwa wakati na usiku uliokaa pembeni yake vilimusaidia.

Kwa kuanza, nenda naye kwenye kituo cha afya cha karibu, hata kama hataki kuongea juu ya sigara. Umuombe apimwe kifua na makohozi. Mazungumuzo juu ya sigara yanaweza kuanza hapo, mbele ya muuguzi.