Ukubwa wa Atomu

Ukubwa wa atomu ni masafa yaliyo baina ya kiini chake na ukingo wa elektroni zake za nje; na kwa kuwa ukingo huo hauna mpaka thabiti, wanazuoni huukadiria kwa nusu ya umbali ulio kati ya viini vya atomu mbili zilizoshikana, wakiuhesabu kwa pikomita, yaani sehemu moja katika bilioni elfu za mita.

Mwenye kushuka safu moja ya jedwali la elementi huziona atomu zikitanuka, kwa sababu kila hatua huzidisha tabaka la elektroni: lithiamu 152, sodiamu 186, potasiamu 227. Aendaye kulia huziona zikinywea, maana protoni huongezeka kiinini hali elektroni mpya zikibaki katika tabaka lile lile, zikavutwa kwa nguvu zaidi. Hivyo magnesiamu ina 160 na alumini 143. Lothar Meyer, mwanakemia wa Ujerumani, aliudhihirisha mpando na mshuko huo kwa mchoro mwaka 1870, kabla elektroni hazijajulikana.

Hisabu hii isidhaniwe kuwa ya maabara peke yake. Juu ya mji wa Endebess, katika pango la Kitum la Mlima Elgon, ndovu huingia usiku, katika giza totoro, wakazibomoa kuta kwa pembe zao na kuyatafuna mawe kwa ajili ya chumvi ya sodiamu iliyomo. Na Wasabaot, wakazi wa mlima huo, nao tangu zamani wamewalambisha ng'ombe wao chumvi ya mapango hayo. Majani ya msituni yana potasiamu tele, nayo ni jamaa ya sodiamu katika safu moja, tabia zao zikikaribiana mno, lakini haiwezi kushika mahali pake mwilini: ikipoteza elektroni yake ya nje, sodiamu hunywea hadi 102, potasiamu hadi 138, na milango ya seli huzipambanua kwa tofauti hiyo, ndogo kupita kiasi cha fikira, ambayo hata hivyo yatosha kumpandisha ndovu mlimani.

Kanuni ya kushuka ina mahali inapovunjika. Niobiamu, na tantalamu iliyo chini yake, zote zina 146, kwa kuwa kabla ya kuifikia tantalamu zimekwisha kupita elementi za lanthanidi, ambazo elektroni zake ni kinga dhaifu dhidi ya mvuto wa kiini. Ndiyo sababu katika koltani, madini ya Kivu, elementi hizo mbili hukutwa pamoja mwambani, na kuzitenganisha ni kazi ya taabu.