Ndege wa Taita aliyebakiwa na misitu mitatu

KATIKA milima ya Taita, Kaunti ya Taita Taveta, anaishi ndege ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Wataalamu humwita Turdus helleri, jina alilopewa mwaka wa 1913 kwa heshima ya Edmund Heller, mtaalamu wa wanyama kutoka Marekani.

Kichwa na kifua chake ni cheusi, tumbo ni jeupe, mbavu zina rangi ya kutu na mdomo ni wa rangi ya chungwa. Ingawa ana mabawa, riziki yake huitafuta zaidi ardhini. Hupekua majani makavu akisaka wadudu, na hula pia matunda ya miti ya asili. Hupenda kivuli kizito chenye unyevu, na ni nadra kuvuka mashamba yaliyo wazi.

Tabia hiyo ndiyo inayomponza. Kwa miaka mingi misitu ya asili imefyekwa ili kupata mashamba, mbao na kuni, na kwingineko ikapandwa mikaratusi na misonobari. Ndege huyu amebaki katika misitu mitatu tu: Mbololo, Ngangao na Chawia. Mbololo, ulio mkubwa kuliko yote, una takriban hektari 200. Katika kijisitu cha Yale alikwisha kutoweka.

Utafiti wa Luc Lens wa Ubelgiji na wenzake katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa hatari si uchache wa ndege pekee. Chawia, msitu ulioharibiwa zaidi, madume walikuwa wengi mno kuliko majike. Isitoshe, urefu wa mguu wa kushoto na wa kulia ulitofautiana zaidi kuliko kwa ndege wa Mbololo, dalili kwamba walikua katika dhiki.

Kwa muda mrefu aliorodheshwa kimataifa katika daraja la juu kabisa la viumbe walio hatarini kutoweka. Baadaye alishushwa hadi daraja linalofuata, lakini makao yake yangali yaleyale matatu.

Tiba inayopendekezwa ni kuilinda misitu iliyosalia na kurejesha miti ya asili kati yake, ili ndege apate njia yenye kivuli. Wakazi nao watafaidika, kwani miti hiyohiyo hunasa ukungu utokao Bahari ya Hindi na kuhifadhi maji ya chemchemi wanazozitegemea.