Bendera Nyeupe na Saa ya Mkononi

Watu wengi hudhani kuwa shida ya kutabiri hali ya hewa ni shida ya elimu peke yake: kwamba mjuzi akishatambua baridi au mvua ijayo, kazi imekwisha. Historia ya kipupwe cha Marekani yatuonyesha vingine. Kujua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo aghalabu ndiyo ngumu zaidi, ni kumfikishia habari yule atakayepigwa na dhoruba kabla haijampiga.

Zamani dhoruba ilisafiri upesi kuliko habari zake, wala farasi hakuweza kuitangulia. Samuel Morse alipopeleka ujumbe kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore mwaka 1844, mashindano hayo yaligeuka. Katika nchi ile hewa mbaya mara nyingi hutoka magharibi kwenda mashariki. Basi mtu wa magharibi aliyekwisha kuiona aliweza kumwonya ndugu yake wa mashariki. Tarehe 9 Februari 1870 Rais Ulysses Grant alitia sahihi azimio la kuanzisha huduma ya hali ya hewa, ikawekwa mikononi mwa jeshi. Tarehe 1 Novemba mwaka uo huo vituo 24 vilipima hewa kwa wakati mmoja na kupeleka hesabu zao kwa telegrafu.

Huduma hiyo ilitahiniwa vikali tarehe 12 Januari 1888. Siku hiyo, katika nyanda za Dakota, Nebraska na Minnesota, asubuhi ilipambazuka kwa uvuguvugu baada ya siku nyingi za baridi kali. Wakulima walitoka kwenda kulisha mifugo, na watoto wengi walikwenda shule bila makoti mazito. Nasi tulio Kenya tusiipime baridi ile kwa baridi ya Limuru, ambayo huuma vidole lakini haimziki mtu njiani. Ghafla ukuta wa theluji ukashuka kutoka kaskazini-magharibi, theluji laini kama unga, ikisukumwa na upepo hata mtu asiweze kuuona mkono wake mwenyewe. Watu wapatao 235 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakirudi nyumbani. Huko Mira Valley, Nebraska, mwalimu kijana Minnie Freeman aliwaongoza wanafunzi wake zaidi ya kumi hadi nyumba ya jirani baada ya upepo kuling'oa paa la shule, nao wote wakapona. Masimulizi husema aliwafunga kwa kamba. Habari hiyo ilikanushwa baadaye, lakini ushujaa wake hauhitaji kamba.

Je, hapakuwa na onyo? Lilikuwapo. Luteni Thomas Woodruff, mtabiri wa jeshi mjini Saint Paul, alikuwa ametoa tahadhari ya baridi kali usiku wa kuamkia siku hiyo. Lakini alama ya tahadhari ilikuwa bendera nyeupe yenye mraba mweusi katikati, ikipandishwa mlingotini mjini. Mkulima aliyekaa mbali na kituo cha telegrafu angeionaje? Tena dhoruba ilifika mahali pengi kabla ya saa iliyotazamiwa. Kwa maoni yangu, si haki kumlaumu luteni yule peke yake: ujumbe wake ulikomea pale waya ulipokomea.

Redio iliuvusha ujumbe mipaka ya waya. Kisha mwaka 2012 Marekani ilianza kupeleka tahadhari za hatari moja kwa moja katika simu za watu waliomo katika eneo linalotishwa. Saa janja ikafuata. Saa hiyo haitabiri neno. Kwa kawaida huipokea habari kutoka simu iliyo karibu, kisha hutetemeka juu ya kifundo cha mkono. Faida yake ni ndogo lakini ya kweli: mtu aliyevaa glavu nene, simu ikiwa ndani ya koti, huweza kupata onyo bila kuvua kitu. Wakenya kadha wa kadha wanaishi Minnesota leo, katika jimbo lile lile lililopigwa mwaka 1888, na bila shaka wamekwisha kuizoea mitetemo hiyo. Hata hivyo betri hudhoofika katika baridi kali, na hilo si jambo dogo.

Desemba 2022 dhoruba kubwa iliukumba mji wa Buffalo, jimbo la New York. Watabiri waliionya jamii siku kadhaa mbele, na simu na saa zilijaa habari hizo. Amri ya kuwazuia watu wasiendeshe magari ilianza kutumika saa tatu na nusu asubuhi ya tarehe 23, wakati ambapo wafanyakazi wengine walikwisha kwenda kazini. Katika Buffalo na viunga vyake walikufa watu zaidi ya 40, baadhi yao wakiwa ndani ya magari yao, na wengine ndani ya nyumba zilizokosa moto.