GALIL: BUNDUKI YA DOLA 1800 INAYODHARAULIWA BURE

Leo tunaongelea Counter-Strike, na hasa bunduki moja ambayo ukiinunua pale kafe washkaji wanakucheka na kukuuliza kama umefulia. Galil. Wengi wanaiona ni bunduki ya mtu aliyekosa hela ya AK-47. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kundi hilo mpaka juzi kati ilipotugharimu mechi.

Ilikuwa hivi. Tuko 11 kwa 12, sisi ni T, yaani upande wa kutega bomu. Wao wakishinda raundi hii mechi imeisha. Ramani ni Inferno. Mfukoni nina dola 3400. Mimi bila kufikiri nikachukua AK na fulana, hela ikaisha. Sina helmeti, sina bomu la moshi, sina chochote. Nikatangulia Banana kama shujaa, M4 ikanipata kichwani risasi moja, chali. Jamaa akaiokota AK yangu na kuwamaliza nayo wenzangu watatu. Soda za timu nzima nikalipa mimi. Sasa kaa na hiyo 3400 kichwani, tutairudia.

GALIL NI NINI HASA

Bunduki yenyewe ya kweli ni ya Israel. Walioibuni ni Yisrael Galili na Yaacov Lior, jeshi la Israel likaanza kuitumia miaka ya 1970 mwanzoni. Msingi wake ni RK 62 ya Finland, ambayo nayo ilitokana na AK. Kwa hiyo wanaosema Galil ni mtoto wa AK wako sahihi kabisa. Aina moja ilitengenezwa na kifungulio cha chupa, kwa sababu askari walikuwa wanaharibu magazini kwa kufungulia soda. Siyo utani.

Kwenye gemu iliingia na Counter-Strike 1.6 mwaka 2003, ikiitwa IDF Defender, bei dola 2000 wakati AK ilikuwa 2500. Ikaendelea kwenye CS:GO ya mwaka 2012, na sasa iko kwenye Counter-Strike 2 iliyotoka Septemba 2023. Bei ikashushwa mpaka 1800, huku AK ikiwa 2700. Ni ya T peke yao. CT wana ndugu yake, FAMAS ya Kifaransa, nitaigusa mwishoni.

Magazini ya Galil ina risasi 35, AK ina 30. Kasi ya kumwaga ni risasi 666 kwa dakika, AK ni 600. Mwendo wa miguu ukiwa umeishika ni sawasawa na mwenye AK. Ukiua unapewa dola 300 zile zile.

HESABU YA MFUKO

Hapa ndipo penye utamu, soma taratibu.

Tofauti ya AK na Galil ni dola 900. Bomu la moshi 300, fleshi 200, chupa ya moto 400. Jumlisha. Ni 900 kamili, haizidi wala haipungui! Yaani kila ukinunua AK ukaacha Galil, umeviuza vitu vitatu vinavyofungua njia ya kuingia kutega bomu.

Turudi kwenye ile 3400 yangu. AK 2700 na fulana 650 ni 3350, imebaki hamsini. Galil 1800, fulana na helmeti 1000, moshi 300, fleshi 200, jumla 3300. Imebaki mia. Mfuko ule ule, lakini wa pili ana helmeti na mabomu mawili.

Helmeti yenyewe siyo pambo. M4A4 ikikupiga kichwani huna helmeti, umekufa palepale. Ukiwa nayo inakula damu 92, unabaki na 8. Damu 8 ni chache, lakini mtu mwenye damu 8 anafyatua risasi sawasawa na mwenye 100. Ningekuwa na helmeti siku ile Banana, labda ningekufa tu, ila ningekuwa nimemjeruhi mmoja na kutupa moshi kwanza.

Kuna hesabu nyingine naipenda zaidi. AK mbili ni dola 5400. Galil tatu ni dola 5400. Kama kwenye timu kuna mmoja mwenye hela na wawili wamefulia, anaweza kuwanunulia Galil na kuwadondoshea, raundi ikaanza na watu wote wana bunduki ya maana. Timu yenye AK mbili na bastola tatu mimi nimeiona ikipigwa mara nyingi mno.

Na usisahau hela za kushindwa. Zinapanda kwa ngazi: 1400, 1900, 2400, 2900, mwisho 3400. Ukishinda raundi ngazi inashuka moja. Maana yake ukitoka kwenye ushindi kadhaa halafu ukapoteza moja, unapewa kidogo, na hapo ndipo watu wanapojikuta katikati: hela ya AK kamili haipo, na kubana raundi nzima wanaona uchungu. Hiyo ndiyo raundi ya Galil. Counter-Strike 2 ni raundi 12 kila nusu, anayefika 13 kashinda, wakati CS:GO walikuwa wanasaka 16. Raundi zimepungua, kwa hiyo kila raundi unayoitupa inauma zaidi kuliko zamani.

Raundi nyingine ya Galil ni ya pili, mkishinda ile ya bastola. Ulianza na 800, ukanunua fulana, ikabaki 150. Mmewaua wote, unapewa 3250, una 3400 bila kuhesabu hela za kuua. Fulana yako kama haijaguswa, helmeti unaongeza kwa 350 tu. Galil, helmeti, moshi, fleshi, chupa ya moto, na bado 350 inabaki. Wapinzani wengi wao hapo hawana helmeti.

INAUMA KIASI GANI

Kosa kubwa la wanaoidharau Galil ni kudhani risasi zake ni laini. Siyo kweli. Ukimpiga mtu mwenye fulana kifuani, Galil inakula damu 23. M4A4, bunduki inayoheshimiwa na kila mtu, inakula 23 pia. Kasi yao ya kumwaga ni moja, 666. Kwa maumivu peke yake Galil ni M4 ya bei poa. AK inakula 27 kifuani, hivyo inaua kwa risasi nne na Galil kwa tano. Lakini kwa sababu Galil inamwaga haraka, ukipiga hesabu ya muda tofauti ni kama sehemu sita za mia ya sekunde. Ping ya kafe inakula zaidi ya hapo.

AK inapoishinda kweli ni kichwani. AK inaua mwenye helmeti kwa risasi moja. Galil inakula 93, anabaki na 7. Inaudhi, najua. Umemlenga vizuri kabisa, jamaa anageuka na kukuua. Dawa yake ni moja: usipige moja na kusubiri. Kichwani ukigusa, risasi ya pili popote mwilini inammaliza. Kwa hiyo Galil haitaki mbwembwe za kudonoa risasi moja moja kama video za YouTube. Piga tatu, au nne.

Ila sikia hili. CT asiye na helmeti Galil inamuua kwa risasi moja ya kichwa, kwa sababu inakula 120. Na CT wajanja wengi hawanunui helmeti wakijua T wana AK, maana AK inaua hivyo hivyo uwe nayo usiwe nayo, bora waokoe ile 350. Kwa hiyo wenzako wanne wakiwa na AK na wewe una Galil, unakula kivuli chao. Wamewafanya CT waache helmeti, na wewe unafaidi. Nilipoelewa hili nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta mpaka jirani akanitazama.

KUIPIGA

Galil ikianza kufyatua inapanda juu kwanza, halafu ndio inaanza kuyumba pembeni. Risasi nane hadi kumi za mwanzo unavuta mausi chini taratibu, inatii. Zikizidi hapo kwa mtu wa mbali unapoteza muda, acha kitufe, hatua moja pembeni, anza upya. Mtu wa karibu mwagia tu mpaka aanguke, risasi 35 zinatosha watu wawili ukituliza mkono.

Usipige ukiwa unakimbia. Hili linajulikana lakini halifanywi. Ukitoka kushoto kwenda kulia umeshika D, achia D na gonga A mara moja, mwili unasimama papo hapo, ndipo ufyatue. Galil ni mbaya sana ukipiga kabla mwili haujasimama. AK nayo hivyo hivyo, ila tunaisamehe kwa sababu ya jina.

Mazoezi fungua mchezo wa peke yako na maboti, andika sv_cheats 1, halafu sv_infinite_ammo 2 ili risasi zisiishe, na sv_showimpacts 1 uone kila risasi ilipotua. Simama mbele ya ukuta, mwaga magazini nzima bila kugusa mausi. Utaona mchoro wa bunduki ukutani. Sasa mwaga tena ukivuta kinyume cha ule mchoro. Kuna pia cl_crosshair_recoil 1, ambayo inafanya alama ya kulenga ifuate risasi zinakokwenda. Ni nzuri ya kujifunzia, mimi kwenye mechi naizima kwa sababu inanichanganya. Dakika kumi kila ukikaa zinatosha. Najua saa ya kafe inalipiwa, lakini dakika kumi hizo ni bei rahisi kuliko soda tano.

Jambo dogo linaloua wengi: kubadili magazini hovyo. Umepiga risasi sita, zimebaki 29, unabonyeza R mbele ya mlango. Kwani AK mpya ina ngapi? Thelathini!

PA KUIPELEKA NA PA KUIKWEPA

Ipeleke sehemu za karibu na za kati. Banana ya Inferno, mahandaki ya kwenda B kule Dust2, vyumba vya Mirage. Pale inamwaga na hakuna anayejali bei yake. Ikwepe Long ya Dust2 kama kuna AWP, utakufa ukiwa na mabomu yote mfukoni. Kama lazima upite, tupa moshi, si ndiyo sababu ulinunua Galil?

Na ukikuta AK imelala chini, okota. Mimi sijafunga ndoa na Galil. Hela ikitosha AK, helmeti na mabomu, jumla kama 4600, nanunua AK kama binadamu wengine.

Kabla hujakaa angalia mpangilio wako wa silaha kwenye Counter-Strike 2. Nafasi za bunduki kubwa ni tano tu, na T wana sita za kuchagua, kwa hiyo unaweza kukuta Galil haimo kabisa na ukalaumu kompyuta. Kasi ya mausi yako iandike kwenye karatasi, maana kila aliyekaa kwenye kiti kile anabadilisha. Seva za Valve za kujaribu kwa sisi wa huku ni Afrika Kusini na Dubai, angalia ping ipi iko chini kwenye kafe yenu. Na ukiondoka funga akaunti yako ya Steam, tafadhali.

Mnaocheza 1.6 kwa waya, bei ni zile za zamani. Tofauti ya Galil na AK ni 500 tu, yaani moshi na fleshi. Pale nakiri AK inavutia zaidi, na mimi pia naichukua mara nyingi.

FAMAS kwa kifupi: magazini ndogo, risasi 25, inakula 84 kichwani kwa mwenye helmeti, na ina mtindo wa kupiga tatu tatu kwa kitufe cha kulia cha mausi. Mtindo huo naupenda kwa mtu wa mbali. Karibu, usithubutu.

Jumamosi tunarudiana na wale jamaa wa Banana. Kama tutafika tena 11 kwa 12, hela zangu zina mpango tayari: Galil, helmeti, moshi, fleshi. Na safari hii atangulie mwingine.