Kinu chenye sumu, watu wakasema kisibomolewe

Jamani, nani anapigania jengo lenye sumu? Swali hili limenikaa kichwani tangu niliposoma habari za Kinu B cha Hanford, jimbo la Washington, Marekani.

Kilijengwa kwa siri wakati wa Vita Kuu ya Pili, kikawashwa Septemba 26, 1944. Ndicho kinu kikubwa cha kwanza duniani cha kuzalisha plutoni. Plutoni ya Hanford ikawekwa kwenye bomu lililoangamiza Nagasaki, Agosti 9, 1945. Kinu kilizimwa mwaka 1968, lakini mionzi ikabaki ndani.

Baadaye ikaja mipango ya kuviondoa vinu vyote vya Hanford. Wafanyakazi wa zamani na majirani zao wakasema: hiki kimoja hapana! Miaka ya 1990 wakaunda chama, wakaanza kubisha milango ya wakubwa. Haikuwa kazi ya siku moja. Mwaka 2008 kikatangazwa alama ya historia ya taifa, na mwaka 2015 kikaingizwa kwenye hifadhi ya taifa.

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo panaponigusa. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa mabomu ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, eneo ambalo Kiswahili ndiyo lugha ya migodini. Wenzao wa Hanford wamebaki na mahali pa kukumbukia, pa kujivunia na pa kulaumia. Waliochimba yale mawe tunawakumbukia wapi?

Ukishabomoa, hata lawama inakosa pa kusimama.