Mkono Hufundishwa na Mkono: Uuguzi na Kujifunza kwa Kuiga

Historia ya uuguzi katika Mkoa wa Mara si historia ya majengo na vyeti peke yake. Iwe Musoma, Bunda au Shirati, ambako Wamenoniti walianza misheni yao mwaka 1934, kazi hii imepokezanwa toka mkono mmoja hadi mwingine. Mwanafunzi husimama kando ya kitanda, humtazama muuguzi mzoefu akisafisha kidonda, kisha hutenda vivyo hivyo huku akisimamiwa.

Njia hiyo ni ya tangu zamani. Mwaka 1836 Mchungaji Theodor Fliedner alianzisha kule Kaiserswerth, Ujerumani, nyumba ya mashemasi wa kike waliojifunza uuguzi kwa kuwahudumia wagonjwa. Florence Nightingale alipata mafunzo huko mwaka 1851; naye mwaka 1860 akafungua shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas', London. Ni katika hospitali hiyo Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mwalimu mwenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto wa Kiafrika walijifunza kwa kuishi na kutenda.

Sayansi nayo imetoa ushuhuda wake. Katika miaka ya 1990, Giacomo Rizzolatti na wenzake huko Parma, Italia, waliona kwamba baadhi ya chembe za ubongo wa kima zinazofanya kazi mnyama anapookota chakula hufanya kazi pia anapomtazama mtu akikiokota. Kwa wanadamu pia, sehemu za ubongo zinazoongoza viungo huamka mtu anapotazama kazi ya mwenzake. Wataalamu bado wanajadili uzito wa jambo hilo. Lakini ni wazi kwamba kutazama huuandaa mkono, na kurudiarudia huukamilisha.

Hapo ndipo penye hatari. Anayeiga huiga jema na baya. Mwanafunzi akimwona mkubwa wake akihama toka mgonjwa hadi mgonjwa bila kunawa, hilo nalo amefundishwa, hata kama kitabu chasema vingine. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliagiza mikono ioshwe kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi wodini, na vifo vya akina mama vikapungua sana. Hata hivyo madaktari wengi walishikilia desturi waliyoikuta. Gharama ya mfano mbaya hulipwa na mgonjwa.

Kwa hiyo, muuguzi mwenye uzoefu ni mwalimu hata asipofungua kinywa. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Ni haki kuwakumbuka wauguzi wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote, lakini utendaji wao ungali unaonekana katika mikono ya waliowatazama.